Kwa Ogari Nyangate, Aliyejibu "Mzuri" Mara Tisa

Mwaka umezunguka ukarudi palepale, Ogari, tangu Alhamisi ile ya tarehe 13 Machi ulipotuaga. Tanuri uliloliacha bila kulitia moto bado limesimama kule chini karibu na mto. Juu yake nyasi zimeota mpaka kuku wa mkeo Emily wamelifanya nyumba yao. Watu wa Ekerenyo wakipita huuliza, "Haya matofali hamyachomi?" Tunawajibu kwamba mwenyewe hajasema. Wanacheka, na sisi tunacheka, halafu kila mtu anaangalia upande wake.

Ulikuwa mtu wa kuuliza. Ulimuuliza mchungaji kwa nini Sabato huanza jua likizama na si likichomoza. Ulimuuliza fundi wa bodaboda pikipiki inajuaje kwamba mafuta yanakaribia kwisha. Ulimuuliza binti yako Nyamusi, akiwa darasa la tatu, ni nani aliyemwambia kwamba saba ni kubwa kuliko sita, na mtoto akalia.

Tofali nalo hukuliamini kwa macho. Lilitoka tanurini jekundu, zuri, kila mtu akalisifu, na wewe ukashika moja mkono huu na jingine mkono ule, ukayagonganisha karibu na sikio. Lililoiva lililia kama kengele ya shule. Lisiloiva lilitoa sauti ya kiatu kwenye matope, na hilo ulilitupa hata kama mteja amelipenda. "Rangi ni ya kuuzia," ulikuwa ukisema. "Mimi nauza nyumba isianguke."

Jiko la Aketch, yule jirani muuza omena aliyekuja kutoka upande wa ziwa, lilijengwa kwa matofali yako. Ulipoulizwa ulisema umempa yaliyovunjika. Tulikwenda tukayaona. Hakuna hata moja lililovunjika.

Sasa tuseme lile ambalo familia nyingi huliacha nje ya kumbukumbu. Ulilelewa vizuri, Ogari, na malezi hayo yalikuponza.

Kwetu mtu haanzi na shida yake. Unaulizwa habari, unasema mzuri. Wa nyumbani? Mzuri. Ng'ombe? Mzuri. Mvua? Tunashukuru. Chai inamiminwa, inanywewa hadi nusu ya kikombe, ndipo unakohoa kidogo na kusema, "Sasa, kuna kitu kidogo kilichonileta." Hata anayeleta habari ya msiba hupita njia hiyohiyo. Na wewe ukaichukua adabu hiyo ukaipeleka hospitalini.

Jumanne, tarehe 7 Februari 2023. Sisi tarehe hatusahau. Ulikaa kwenye benchi la zahanati ambayo hatutaitaja, wenyewe wanajijua, tangu saa moja asubuhi mpaka saa saba. Emily alikuwa amekupigia shati pasi na kukung'arishia viatu, kwa sababu mtu haendi mbele ya daktari kama anayetoka kukanyaga udongo. Ulipoingia, mwenye koti jeupe alikuwa anaandika.

"Habari yako, mzee?"

"Mzuri sana, daktari. Wewe habari?"

"Unakohoa?"

"Kidogo tu."

Akaandika. Ulipovuta pumzi ili umuulize habari za wa kwake, ukielekea pole pole kwenye kilichokuleta, akaita, "Anayefuata!" Ukatoka na chupa ya dawa ya kikohozi. Salamu haikufika hata kwenye ng'ombe.

Mara tisa, Ogari. Chupa ya pili. Chupa ya tatu, safari hiyo ya rangi nyingine. Siku moja wakasema ni malaria. Mwezi wa Agosti wakasema ni kifua kikuu, ingawa makohozi yako yalipimwa mara mbili na hayakuonyesha kitu, na ukameza vidonge vyao kila asubuhi kwa uaminifu wa mtu anayesali. Mara zote tisa uliulizwa habari, na mara zote tisa ukajibu mzuri.

Na mara zote Emily alikuwa kando yako na kitambaa amekikunja kiganjani. Ndani ya kitambaa kulikuwa na damu uliyokohoa asubuhi. Hakukifungua. Kwa nini hakukifungua? Swali hilo amelala nalo na kuamka nalo mwaka mzima. Jibu analolipata kila mara ni moja: kwa sababu wewe ulikuwa bado unasalimia, na mke hamkatizi mumewe katikati ya salamu.

Tunaikumbuka kalamu ya mtu yule. Ilikuwa ya buluu, kifuniko kimetafunwa. Uso wake hatuukumbuki, kwa kuwa hakutuonyesha. Tunajua alikuwa peke yake na foleni ilifika barabarani. Basi na waliomwacha peke yake tunawakumbuka pia, na wakija tena na kofia zao za kampeni, tutawauliza daktari wa pili yuko wapi.

Aliyetutoa kwenye benchi lile ni Aketch. Emily alikwenda kununua omena, na Aketch akaacha kupima.

"Mama Nyamusi, huyo bwana yako anakohoa mpaka samaki wangu wanashtuka. Na ninyi bado mnampeleka kule kusalimia watu?"

"Wanasema ni kifua kikuu."

"Wanasema! Kisii mjini kuna daktari wa kifua, mama, anaitwa Anyiko. Wa kwetu. Ukimwambia uko mzuri anakuuliza, 'Kwa hiyo umekuja kunitembelea?'"

Emily alirudi nyumbani akicheka peke yake njiani. Halafu akaacha kucheka, akaanza kuwaza. Daktari wa namna hiyo anakaaje? Anaangalia wapi mtu akizungumza? Alitaka kumwona kwa macho yake.

Mlimwona tarehe 16 Januari, mwaka uliofuata. Kitu cha kwanza Emily alichokitazama ni kiti: Daktari Anyiko alikitoa nyuma ya meza, akakiweka mbele yako, magoti yakakaribia kugusana.

"Bwakire buya, mzee Ogari," akakusalimia kwa Ekegusii chake kilichoparuza kama msasa.

Ukashtuka. "Bwakire buya, daktari. Ninyi watu wa samaki mmejifunzia wapi kusalimia?"

"Kwenu ninyi watu wa ndizi. Habari ya nyumbani?"

"Mzuri."

"Ng'ombe je?"

Hapo Emily akainua kichwa.

"Mzuri. Amezaa."

"Dume au jike?"

"Jike."

"Hongera. Na mvua?"

"Tunashukuru."

Daktari akanyamaza. Hakushika kalamu. Nje foleni ilikuwa ikikohoa, muuguzi akachungulia mlangoni, akarudi. Emily anasema kimya kile kilitosha mtu kumenya ndizi mbili. Alikutazama ukitafuta mahali pa kuweka mikono yako.

"Sasa, daktari," ukasema, "kuna kitu kidogo kilichonileta."

Na Emily akafungua kitambaa.

Ulivua shati. Daktari alilaza kiganja cha kushoto mgongoni pako, na kwa kidole cha kati cha mkono wa kulia akawa anagonga juu yake. Juu, katikati, chini. Akahamia upande wa pili. Wewe ukageuza shingo kama kuku aliyesikia punje ikianguka.

"Daktari, unanigonga kama tofali."

"Kwani tofali hugongwa?"

Ukamweleza. Kengele ya shule, kiatu kwenye matope, yote. Naye alisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa bado mgongoni pako, akasema, "Haya, fundi. Basi sikiliza mwenyewe." Akagonga kushoto. Kifua kikalia. Akagonga kulia, chini kabisa. Kikawa kizito, bubu.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Huko chini halijaiva."

"Huko kuna maji. Kwa nini yako huko, bado sijui. Tutatafuta pamoja."

Emily alikutazama akaona kitu ambacho hakukielewa siku hiyo: ulikuwa unatabasamu. Ulijua ni jambo baya. Lakini ulikuwa umeuliza, na mtu alikuwa amekujibu.

Ikafuata eksirei. Yakafuata maji yaliyotolewa kwa sindano ubavuni, mekundu kama udongo wako, kisha kipande kidogo cha nyama kilichopelekwa kupimwa. Wiki tatu za kungoja. Ulizitumia kugonga kila kitu kilichokuwa nyumbani: mapipa, maboga, mgongo wa Mokua, mwanao. "Huyu ameiva," ukasema, na Mokua, mwanamume mwenye ndevu zake, akakimbia nje akicheka.

Siku ya majibu mdogo wako Ochoki alitangulia. Huyu Ochoki asiyemwogopa chifu wala karani anayepima majani chai alimvizia Daktari Anyiko kwenye ujia, nje ya chumba ulimoketi, akamzibia njia.

"Daktari, kwetu mgonjwa haambiwi. Niambie mimi. Sisi wanaume wa nyumba tutajua la kufanya."

"Hata kwetu haambiwi," akasema Anyiko. "Baba yangu hakuambiwa. Kila alipotukaribia tulikatiza mazungumzo. Alikufa akidhani tumemchoka."

Ochoki hakusogea njiani. "Hofu itamuua kabla ya ugonjwa."

"Ochoki, kile kifua ni cha nani?"

Emily alikuwa amesimama katikati yao. Alikuwa amekubaliana na Ochoki tangu nyumbani, ndiye aliyemwambia atangulie. Na kabla yeyote hajaamua lolote, sauti yako ikatoka chumbani.

"Ochoki! Mlango uko wazi. Tofali ni langu na ninyi mnaligonga huko nje bila mimi? Ingieni."

Wakaingia. Daktari akavuta kiti kilekile.

"Mzee Ogari, unataka nikuambie yote?"

"Nimekuja kwa nini?"

"Ni saratani ya mapafu. Imeshatoka ndani ya pafu, imefika kwenye utando unaolifunika. Hatuwezi kuiondoa yote. Tunaweza kuipunguza nguvu, tukakupa muda, tukakupunguzia maumivu."

"Muda wa kiasi gani?"

"Wengine miezi michache. Wengine mwaka na zaidi. Wewe bado sijui."

Emily alisubiri ulie ili naye apate ruhusa. Wewe ukauliza, "Imetoka wapi?"

"Umewahi kuvuta sigara?"

"Mimi ni Msabato. Sigara naijua kwa harufu tu."

"Kazi yako ina moshi?"

"Miaka thelathini na moja ya tanuri. Magogo ya mkaratusi. Na mimi ndiye ninayeziba matundu moto ukishawaka."

"Moshi huo unaweza kuwa umechangia. Lakini siwezi kukuapia, mzee. Sijui."

Njia nzima ya kurudi ulimsumbua mwenye bodaboda. "Amesema hajui! Umesikia? Miezi kumi na moja wote walijua. Huyu hajui, na ndiye aliyepata!" Emily, nyuma yako, alilia mgongoni pako mpaka shati likalowa, na mwenye bodaboda akadhani mnagombana.

Habari ya kifua chako ilifika kanisani kabla yako. Mzee wa kanisa, Mose, akakuvuta kando baada ya ibada. "Ndugu Ogari, kama ulikuwa ukivuta kwa siri, ungama tu, tukuombee."

"Nilivuta, Mose," ukamwambia. "Nilivuta moshi wa kuta za nyumba yako."

Hajazungumzia sigara tena. Jumamosi iliyofuata alileta mkungu wa ndizi, akauweka mlangoni, akaondoka bila kubisha.

Aliyekutia dawa mshipani alikuwa Daktari Ombok, mwembamba kuliko ile nguzo ya kuning'inizia chupa. Mara ya kwanza uliikazia macho chupa ikidondoka.

"Daktari, hii dawa inajuaje njia ya kifuani?"

Angeweza kukuambia utulie. Alivuta kigoda. "Haijui, mzee. Inaingia kila nyumba ikivunja vyombo. Ndiyo maana nywele zitatoka."

"Kama askari wanaotafuta pombe ya chang'aa."

"Kabisa. Sisi tunaomba wavunje zaidi kwenye ile nyumba yenyewe."

"Na mimi Msabato, leo nimekuwa mji wa chang'aa!" Chumba kizima cha wagonjwa kilicheka, wenye nywele na wasio na nywele.

Mara ya tatu ulikuwa umetapika siku nne. Ombok akaingia: "Habari, mzee?" Emily aliona mdomo wako ukijiweka tayari kwa lile neno la siku zote. Kisha ukaufunga, ukaufungua upya.

"Mbaya."

Emily aliona haya, akataka kukuombea radhi. Ombok akasema, "Asante kwa kuniambia," akabadilisha dawa ya kichefuchefu, na usiku huo ukala uji. Kijiko baada ya kijiko Emily alikutazama, akijiuliza: kumbe ni neno moja tu?

Tulimuuliza Daktari Anyiko swali letu sote, na hatukumuuliza kwa upole. Kama angekuona miezi kumi na moja kabla, je? Hakuangalia pembeni. "Tungekuwa na mengi zaidi ya kujaribu. Kwamba angepona, siwezi kuwaambia. Kwamba alicheleweshwa, hilo ni kweli." Ochoki aliomba aandike maneno hayo. Akayaandika, akatia sahihi. Karatasi hiyo tunayo.

Ulipata miezi kumi na minne. Ulimwona ndama akikua mtamba. Ulimwozesha Nyamusi ukiwa umesimama kwa miguu yako, suti ikikupwaya. Ulimfundisha Mokua kupanga tanuri, lile la mto, ukiwa umeketi kwenye kiti na kuelekeza kwa fimbo, na kila alipokosea ulimuuliza kwanza kwa nini ameweka hivyo kabla ya kumwambia aondoe.

Alhamisi ile, saa tisa mchana, Anyiko alipiga simu. Emily aliishikilia sikioni pako.

"Habari, fundi?"

"Mbaya, daktari." Ukapumzika. "Na wewe habari ya nyumbani?"

Hatukusikia alichojibu. Tuliona tu kwamba ulisikiliza mpaka mwisho. Jua halikuwa limezama ulipotutoka.

Sasa sikiliza, kwa sababu hili Emily ametaka uambiwe hapa, mbele ya watu. Januari mwaka huu alianza kukohoa. Wiki ya kwanza, wiki ya pili, wiki ya tatu. Sisi tuliacha kulala, yeye akawa anakoholea kwenye mto ili tusisikie. Mwishowe alivaa, akaenda kwenye zahanati ileile na kukaa kwenye benchi lilelile, tangu saa moja. Angeweza kwenda Kisii moja kwa moja. Anasema alitaka kujua kitu.

Alipoingia, mwenye koti jeupe alikuwa anaandika.

"Habari yako, mama?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni, Ogari. Miaka hamsini na minne liko pale, halijawahi kungoja kuitwa.

"Mbaya," akasema Emily.

Kalamu ikasimama. Ilikuwa ya buluu. Yule mtu akainua kichwa, na kwa mara ya kwanza, baada ya ziara kumi, Emily akauona uso wake. Ni kijana. Ana kovu dogo juu ya jicho, na macho mekundu ya mtu ambaye hajalala. Emily anasema alishangaa, kwa sababu alikuwa amejiandaa kuuchukia uso huo, na sasa ulikuwa unamtazama ukingoja.

"Mbaya namna gani, mama?"

"Weka kalamu chini nikueleze."

Akaiweka. Emily akamweleza kikohozi chake. Kisha akamweleza na chako, ziara zote tisa, na kitambaa. Kijana hakujitetea. Foleni ilipoanza kulalamika, Emily akatoa kichwa nje na kuwaambia watulie, zamu yao ikifika nao wasiseme mzuri. Alitoka na barua ya kwenda Kisii, na kwenye barua hiyo yote aliyosema yalikuwa yameandikwa.

Daktari Anyiko alimgonga mgongoni. Kushoto, kulia, mpaka chini kabisa. Emily alifunga macho, akasikiliza kama ulivyomfundisha kando ya mto mlipokuwa wachumba, tofali huku na tofali huku. Eksirei ilikuja baadaye, safi, na dawa za siku saba zikamaliza kikohozi. Lakini alikuwa ameshajua.

"Limeiva, daktari," akasema.

Wakakaa wawili hao kiti kwa kiti. Walikuwa wanakukumbuka.

Mokua amesema mvua ikipungua atawahamisha kuku, alitie moto tanuri lako, akiwa amefunga kitambaa kibichi puani na kusimama upande upepo unakotoka. Tofali la kwanza tutaligonga sote.

Unakumbukwa na mkeo Emily. Wanao Nyamusi na Mokua. Mkwe wako Ondieki. Mdogo wako Ochoki, ambaye siku hizi hukaa kwenye mabenchi ya zahanati bila kuugua, akiwafundisha watu kujibu. Jirani yako Aketch, ambaye jiko lake halijapata ufa. Na ukoo mzima wa Nyangate, Ekerenyo.

Tutakukumbuka daima, fundi. Na tukiulizwa habari zetu leo, tutajibu ukweli.